Mrejesho: matofali ya furu (tanuri ya kuchoma vyungu), hapa Goma

Jambo bandugu na bakubwa, mwezi uliopita niliuliza hapa kwa nini matofali ya furu yangu ya vyungu yalikuwa yanayeyuka ndani na kung'aa sawa chupa. Asanti sana kwa wote mulijibu, ni kweli ilikuwa ile majivu ya volkano nilichanganya, juu jiwe yetu ya hapa ni ya lava, ya namna ya bazalti, iko na chuma mingi na inaanza kuyeyuka karibu digrii 1,100 mpaka 1,200, na mimi nilikuwa natafuta kufika pale pale.

Basi niliacha lava kabisa. Niliagiza udongo mweupe (kaolini) toka Bukavu, ulikuja na bwato, nusu nikaichoma kwanza kisha nikaitwanga mpaka ikawa sawa chenga za mahindi, ndiyo shamoti, inasaidia tofali lisijikunje sana wakati wa kukauka. Nikaweka shamoti tatu kwa udongo mubichi mbili, maji kidogo tu, halafu kupiga kwa nguvu mu kalibu ya mbao. Matofali ya inje niliongeza vumbi ya mbao, inaungua inaacha vitundu na vile vinazuia moto kutoka.

Kukausha wiki tatu kwa kivuli, mvua ilinisumbua. Kuchoma nilienda polepole sana, nilikaa chini ya digrii 100 usiku muzima ili maji itoke, na tena polepole karibu na digrii 573 kwa sababu mchanga wa kwarzi ulio mu udongo unapanuka pale kwa gafula.

Kwa matofali 40, 3 tu ndiyo yalipasuka. Nimefurahi sana, kweli.