Mjadala: Shule ikiigiza Kinjeketile, ina haki ya kubadili mwisho wake?

MLETA MADA

Ndugu walimu, wazazi na wapenzi wa fasihi, habari zenu. Nina jambo linanikera na ningependa tulijadili kwa hoja.

Kuna shule ya sekondari ninayoifahamu kwa karibu. Wanafunzi wa kidato cha tatu wameandaa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, waioneshe siku ya mahafali ya kaka na dada zao wa kidato cha nne. Wamefanya mazoezi bwaloni jioni, maleba wameshona wenyewe kwa kaniki na magunia, na aliyepewa nafasi ya Kinjeketile ni kijana ambaye darasani huwa hasikiki kabisa. Sasa siku zimekaribia, uongozi umetoa maagizo mawili. Kwanza, sehemu ya Kinjeketile kupandwa na Hongo, yule mzimu wa mtoni, ifupishwe. Pili, mchezo usiishie gerezani. Waingie wanafunzi na bendera ya Taifa, waimbe wimbo wa uhuru, na mgeni rasmi apate cha kupigia makofi. Sababu iliyotolewa ni kwamba mahafali ni siku ya furaha, na mzazi hakutoka nyumbani kuja kumtazama mwanawe akiteswa na askari.

Kwa waliosoma zamani, nikumbushe kidogo. Watu wamechoka na kazi ya kulazimishwa kwenye mashamba ya Mjerumani, huku mashamba yao wenyewe yana njaa. Kinjeketile anaingia mtoni, anatoka akiwa mkavu, na analeta maji yanayoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, na ya kuwaunganisha watu wa makabila yaliyokuwa hayapatani. Hadi hapo ni hadithi ya ushujaa. Lakini ndani ya ujumbe ule ule wa Hongo kuna jambo linalomvunja moyo: ameambiwa kwamba baada ya ushindi watakuwa watoto wa Seyyid Said, yule Sultani wa Zanzibar. Yaani watoke kwa bwana mmoja waingie kwa mwingine! Kuanzia hapo Kinjeketile ana shaka, na wananchi hawana. Anaomba wasubiri, nao hawasubiri. Wanakwenda, risasi haigeuki maji, na mwisho yuko kizuizini, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa sababu akitamka hivyo, watoto na wajukuu wataambiwa kwamba hata kupigania nchi yao lilikuwa kosa.

Sasa niambieni, ukiondoa hapo umebakiza nini? Mtu ambaye haamini tena kile alichokileta anakubali kuumia ili asikikane. Mtoto wa miaka kumi na sita akisimama mahali hapo jukwaani, lazima ajiulize: huyu ni mwongo, ni shujaa, au ni vyote viwili? Ukileta bendera, umemjibia kabla hajauliza. Kwa maoni yangu shule iigize mchezo mzima au ichague mchezo mwingine. Vichekesho viko tele.

MCHANGIAJI WA KWANZA (mzazi, Lindi)

Mleta mada, nakuheshimu, lakini hilo la mwisho wa mchezo mimi halinisumbui sana. Kinachonisumbua ni hilo la kwanza, ambalo umelipita haraka.

Sisi wazazi tuna watoto wa kike bweni. Tumeshuhudia shule nyingi hapa nchini wasichana wakianguka, mmoja anapiga kelele, mara wako kumi, mara darasa zima, na masomo yanasimama. Wengine wanasema mapepo, wengine wanasema ni msongo wa mawazo. Iwe hili au lile, mtoto anaumia. Leo unamweka kijana jukwaani atetemeke, abadilishe sauti, apige kelele za maruhani mbele ya mabinti hao hao, usiku, ngoma zinapigwa. Nani atajibu wakianguka? Wewe mpenda fasihi au matroni?

Halafu kuna imani zetu. Wapo Waislamu na Wakristo ambao hawataki mtoto wao hata kuigiza jambo hilo, na wana haki ya kusikilizwa. Kufupisha sehemu moja hakuui kitabu.

MCHANGIAJI WA PILI (mwalimu wa historia)

Naunga mkono mchezo uigizwe mzima, ila nina angalizo ambalo watu wa Kiswahili mara nyingi wanalisahau.

Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita vilikuwa ndiyo kwanza vimeanza, baada ya Wamatumbi kung'oa pamba kule Nandete mwishoni mwa Julai. Boma la Wajerumani la Mahenge lilishambuliwa tarehe 30 Agosti, yeye akiwa tayari marehemu. Kwa hiyo yule Kinjeketile anayeishi mpaka kuona watu wake wameshindwa ni wa Ebrahim Hussein, na mwandishi mwenyewe amelieleza hilo katika utangulizi wake. Kila mwaka nasahihisha majibu ya mtihani ambayo mwanafunzi ameandika kwa kujiamini kabisa kwamba Kinjeketile aliongoza vita hadi 1907. Ameyatoa jukwaani hayo.

Ushauri wangu: kabla pazia halijafunguliwa, asimame mwanafunzi mmoja aseme kwa dakika mbili lipi ni historia na lipi ni kazi ya mtunzi. Na ataje pia gharama. Wajerumani walipoona vita haviishi walichoma vijiji na kuharibu chakula. Takwimu zao wenyewe zilikubali kwamba watu 75,000 walikufa. Makadirio ya wanahistoria waliofuata yanafika 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa. Mkileta bendera dakika tano baada ya hayo, mnawaruka marehemu wote hao.

MLETA MADA

Nianze na mzazi wa Lindi, maana ametoa hoja nzito na nilikuwa sijaipa nafasi yake.

Kuanguka kwa wanafunzi ni jambo la kweli na sitalidharau. Lakini tazama tofauti. Huku kuigiza kunafanywa hadharani, mara nyingi, kwa hatua zinazojulikana: hapa unapumua, hapa unapiga goti, hapa ngoma inasimama nawe unasimama. Mwalimu wa sanaa za maonyesho akijua kazi yake, baada ya kila zoezi anawatoa watoto kwenye uhusika, wanaitana kwa majina yao, wanakunywa maji, wanacheka. Na kila mwanafunzi aliyebaki nje ameshaona mazoezi. Kinachotisha ni kile ambacho hakijulikani kinatoka wapi. Hata hivyo nakubali mambo mawili: onyesho lifanyike mchana, na mtoto ambaye wazazi wake hawataki asilazimishwe, apewe kazi ya maleba au vifaa. Kukata sehemu hiyo yote siwezi kukubali, kwa sababu ujumbe wa Seyyid Said uko humo humo. Ukikata pale, shaka yote ya Kinjeketile inakosa chanzo, na mtazamaji hataelewa kwa nini kiongozi anasita wakati jeshi lake liko tayari.

Mwalimu wa historia, hizo dakika mbili nazichukua nilivyozipata. Nashukuru.

MCHANGIAJI WA TATU (mkuu wa shule mstaafu)

Vijana, shikamoo hamkunipa, lakini nisikilizeni.

Mnamlaumu mkuu wa shule kama vile ana chuki na fasihi. Mahafali yana ratiba. Kuna risala ya wahitimu, taarifa ya shule, zawadi, hotuba ya mgeni rasmi, harambee ya madawati, na chakula kinapoa. Mchezo unapewa nusu saa, na nusu saa hiyo mkuu ameipigania kwenye kikao. Kinjeketile nzima haiingii hapo bila kukimbizwa. Kwa hiyo atakata, hana namna.

Lakini kukata ni kitu kimoja na kuongeza ni kitu kingine, na hapo niko na mleta mada. Mimi niliigiza Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, ile tafsiri yake ya Shakespeare, tukiwa wavulana tuliovaa shuka za bweni. Brutus alikufa mbele ya mgeni rasmi, mkuu wa wilaya, na hakuna aliyedai aponyeshwe. Wenzetu waliigiza Makbeth iliyotafsiriwa na Mushi, wakaja na Mfalme Edipode, ambamo mfalme anajitoboa macho. Tuliwaamini watoto kwa misiba ya Wagiriki na Waingereza. Nashangaa kwamba msiba wa Rufiji na Matumbi ndio tunaona hawauwezi. Huu ni wa kwao!

MCHANGIAJI WA NNE (Songea)

Mzee, marahaba hatudai, shikamoo.

Naandika kutoka mji ambao mashujaa walinyongwa Februari 1906, na kila Februari tunawakumbuka pale makumbusho. Ukoo wa Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, hadi leo unatafuta fuvu lake. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapa Novemba 2023, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akaomba msamaha. Watoto wetu waliona hayo kwa macho yao. Mtoto aliyemwona rais wa Ujerumani akiinamisha kichwa haogopi onyesho la gerezani.

Ila nami nina la kusema upande wa pili. Wapo wazee huku hawaupendi mchezo huu hata kidogo. Wanasema unamfanya kiongozi wa vita aonekane mtu aliyepotoshwa na mzimu, na kwamba babu zao walijua walichokuwa wakikifanya, maji au bila maji. Kwa hiyo wanaotaka ubadilishwe si wapenda furaha tu. Mkitetea mwandishi, mtetee pia haki ya hao wazee kumpinga. Waalikeni wakae mstari wa mbele, mchezo ukiisha wapewe kipaza sauti.

MLETA MADA

Hilo la wazee ndilo nimelipenda kuliko yote yaliyosemwa hapa, na linanitia nguvu. Mzee atampinga vipi Kinjeketile mwenye shaka ikiwa shule imeshaifuta shaka yenyewe?

Nimezungumza na mwalimu wa mchezo leo asubuhi. Pendekezo tunalopeleka kwa mkuu wa shule ni hili: siku ya mahafali wanafunzi waoneshe sehemu moja tu, ile ya wananchi na maji, kwa dakika ishirini, bila kuongezewa kitu. Mchezo mzima uoneshwe Jumamosi mchana inayofuata, wazazi wanaotaka waje, maelezo ya historia yatangulie, na baada ya pale gerezani pawe na mazungumzo na wazee. Bendera ibaki mlingotini ilipo.

MCHANGIAJI WA KWANZA (mzazi, Lindi)

Jumamosi mchana nakubali. Binti yangu atakuja na mimi tutakaa pamoja. Lakini lile la kupandwa na Hongo bado halijanitoka moyoni, na huyo mwalimu ajue nitakuja kumwona wakati wa mazoezi, kabla ya siku yenyewe.