Gumzo la ukoo: nyumba ile ya Mizingani

Zuu: Shikamooni wakubwa. Nina kazi ya skuli ya historia ya nyumba kongwe, nimechagua Zahanati ya Kale pale Mizingani, Unguja. Mwenyewe nani?

Ami: Marahaba. Mwenyewe yupi? Imepita mikono mingi ile. Anza na Tharia Topan, ndiye aliyeanza kuijenga, akikusudia iwe hospitali. Tajiri wa Kihindi huyo, aliyeshika forodha enzi za Sultani Seyyid Barghash. Hata Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikopa kwake fedha za misafara ya bara.

Shangazi: Weee! Pesa za misafara ile ndizo zilizojenga hospitali?

Ami: Pesa za tajiri zina milango mingi, dada. Jiwe la msingi liliwekwa 1887, Malkia Victoria akitimiza miaka 50 kwenye kiti. Tharia mwenyewe akafariki 1891 jengo halijesha. Mjane wake akalisimamia mpaka likakamilika 1894.

Zuu: Kwa hiyo wagonjwa wakaanza kuingia 1894?

Ami: Wapi! Ile hospitali aliyoikusudia haikuwa. Nyumba ikauzwa, akainunua Haji Nasser Nurmohamed. Yeye ndiye aliyeweka zahanati ya sadaka chini, juu wakakaa watu.

Bibi: Zuu, mjane mwandike vizuri. Kila mtu anamtaja mume tu, na nyumba kaimaliza mke.

Zuu: Nshaandika bibi 😂 Halafu?

Ami: Mapinduzi ya 1964. Wenyewe wakaondoka, ikawa ya serikali, ikaachwa ikachakaa. Miaka ya 90 ndipo taasisi ya Aga Khan ya utamaduni ikaikarabati.

Shangazi: [picha] Hizi roshani mimi ndizo zinanimaliza.

Ami: Ikuze picha, tazama pindo la chini. Mbao imetobolewa kama lesi, na juu vioo vya rangi. Kazi ya mafundi wa Kihindi hiyo. Ila usibabaike na mapambo, Zuu. Majumba ya Mji Mkongwe mwili wake ni mmoja: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana haupiti urefu wa boriti.

Zuu: Kumbe! Mimi nilidhani ni mtindo tu.

Ami: Mti ndio unaoamua. Na andika hili, walimu wengi hawalijui: ukuta wa chokaa unapumua, maji yanaingia na kutoka. Ukiupaka saruji, unyevu unabaki ndani na boriti inaanza kuoza kwenye ncha iliyoingia ukutani. Kwa nje utaona lipu safi kabisa, siku dari inaposhuka ndipo watu wanauliza.

Shangazi: Ndiyo maana fundi wetu wa juzi alipotaja mfuko wa saruji ulimfukuza?

Ami: Sikumfukuza, nilimwonesha mlango 😂

Zuu: Ami, una picha ya ncha iliyooza? Kesho asubuhi nakabidhi.

Ami: Ninayo. Ngoja nimalize kuswali isha.