Panya wa SNI: vipimo vya von Frey vinayumba, tatizo liko wapi?

Mwanamaabara: Habari wadau. Nachunguza maumivu sugu ya neva. Panya wamefanyiwa SNI (jeraha la neva linaloacha tawi moja zima): matawi ya tibia na peronea ya neva ya siatiki, ile kubwa ya mguu, yamefungwa uzi na kukatwa, tawi la tatu, surali, likaachwa. Napima kwa nyuzi za von Frey, yaani nyuzi za nailoni za nguvu tofauti zinazobonyezwa kwenye unyayo. Siku ya 7 baadhi wanavuta mguu kwa uzi wa gramu 0.04, wengine hata wa 1.0 hawashtuki. Kosa ni la upasuaji au la upimaji?

Ugwe: Kwanza, unagusa wapi? Surali huhudumia ukingo wa nje wa unyayo. Ukigusa katikati unapima ngozi iliyopoteza neva zake, na panya atatulia tuli hata kama upasuaji ulikwenda sawa. Pili, surali ikivutwa au kubanwa na koleo wakati wa kukata, hujeruhiwa nayo.

Waache wazoee wavu wa kupimia saa nzima. Anza na uzi wa 0.4, akivuta mguu shuka kwa uzi dhaifu zaidi, asipovuta panda. Jibu likigeuka mara ya kwanza, ongeza miguso minne, kisha kokotoa kizingiti (nguvu ndogo inayomfanya avute mguu). Sukuma wima mpaka uzi upinde, shikilia sekunde 2 hivi. Akiwa anatembea au anajilamba, usihesabu. Nyuzi zenyewe zipime kwenye mizani, maana nailoni hulainika hewa ikiwa na unyevu.

Dokta Neva: Na mpimaji ni nani? Mwaka 2014 maabara ya mtafiti wa maumivu Jeffrey Mogil ilionyesha kuwa harufu ya mwanamume huwapa panya mfadhaiko unaopunguza dalili za maumivu. Usibadilishe mpimaji katikati. Asijue pia yupi amekatwa neva na yupi amepasuliwa tu (ingawa wa SNI hujianika kwa namna anavyokunja mguu). Madume na majike wachambue kando: mwaka 2015 kuzuia mikroglia (seli za kinga za mfumo wa neva) kwenye uti wa mgongo kuliondoa usikivu uliozidi wa kuguswa kwa madume, si kwa majike.

Sinapsi: Namba zikitulia, bado umepima rifleksi tu, yaani mshtuko usiohitaji ubongo. Panya aliyekatwa uti wa mgongo naye huvuta mguu, na ubongo haujui. Vizuizi vya kipokezi NK1 (dawa zilizotarajiwa kutuliza maumivu) vilitamba kwa wanyama, vikafeli kwa binadamu. Ongeza jaribio la vyumba viwili, kimoja kikiambatana na klonidini, dawa ya kutuliza maumivu, iliyodungwa kwenye uti wa mgongo: mwenye maumivu hukipendelea, asiyeumwa hajali. Morfini hapana, hata panya mzima huipenda.

Mwanamaabara: Wale wa 1.0 niwaondoe?

Ugwe: Wapime upya kwenye ukingo wa nje wa unyayo kwanza. Na kigezo cha kuondoa kiandikwe kabla ya kuona matokeo.