Chuchu imechanwa na seng'enge, maziwa yanatokea kidondani

Mama Kulwa, Uyui
Mwangaluka wafugaji. Ng'ombe wangu chotara ana mwezi wa pili tangu azae. Jana jioni karuka seng'enge kufuata mahindi ya jirani, chuchu ya nyuma kushoto ikachanika. Nilidhani ni ngozi tu. Leo alfajiri namkamua, maziwa yanatoka kwenye tundu na kwenye kidonda! Mateke, ndoo imemwagika mara mbili. Mzee jirani (mwenye mahindi yake huyohuyo) anasema nichomeke bomba la unyoya wa kuku, maziwa yashuke yenyewe. Nifanye?

Chuchu Tatu
Usithubutu dada. Mimi huku Sikonge niliuchomeka, tena nimeuchemsha. Siku ya tatu chuchu ngumu kama muhogo mbichi, maziwa mabonge, kisha maji ya njano. Upande ule wa kiwele umekufa mpaka leo. Jina langu hapa unaliona.

Mzee wa Mizinga
Asali tunayo Tabora nzima, mpake.

Bwana Mifugo Mstaafu
Asali ni ya mkwaruzo, mzee mwenzangu. Hapa njia ya maziwa imepasuka, na kidonda kinachopitisha maziwa hakifungi kirahisi. Mama Kulwa, muite daktari wa mifugo leo. Kidonda kibichi kinashonwa. Kikishavimba na kutunga usaha utasubiri, pengine mpaka ng'ombe akaushwe, yaani aachwe kukamuliwa. Muulize kama ana kimrija safi cha kutolea maziwa. Kwa sasa osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, funika kitambaa safi, ndama asiiguse. Kamua kwanza zile tatu nzima, hiyo mwisho, matone ya mwanzo yaangukie kitambaa cheusi: ukiona mabonge, ugonjwa wa kiwele umeingia. Ukishamkamua mpe majani ale amesimama, maana tundu hukaa wazi kama nusu saa na akilala anazoa uchafu wa zizini. Akipewa dawa, maziwa ya chuchu zote unamwaga siku zote zilizoandikwa kwenye chupa, hata wenye mgahawa wakulilie.

Mama Kulwa, Uyui
Kapigwa ganzi, kashonwa saa saba mchana. Nyuzi tano, nimehesabu. Mzee wa unyoya kanuna. Seng'enge ya upande wa mahindi naing'oa, napanda minyaa.

Chuchu Tatu
Minyaa sawa, ila ukiikata angalia macho. Ule utomvu sitaki hata kuusimulia.