VM (mashine pepe) ya UEFI (programu inayowasha kompyuta kabla ya mfumo) inaishia Shell> umeme ukikatika

Wakuu, nina Debian 12 (Linux) juu ya QEMU (programu ya kuendesha mashine pepe), hapa Nyegezi, naiwasha kwa -bios OVMF.fd (OVMF ni UEFI ya mashine pepe). Kuriboti kutoka ndani hakuna shida. Umeme ukikatika, ikiwaka inaishia Shell> (sehemu ya kuandika amri za UEFI), haiingii Debian. UPS itatibu?

— UPS itapunguza tu, mkuu. Kwa -bios, orodha ya kubuti inakaa kwenye memori: riboti haiifuti, kuzima kunaifuta. Badala yake weka pflash (chipu pepe za kuhifadhi UEFI) mbili: OVMF_CODE_4M.fd ya kusoma tu, na nakala ya OVMF_VARS_4M.fd inayoandikika (humo ndimo orodha itakaa), kila mashine na yake. Usichanganye CODE ya 4M na VARS ya 2M, haitawaka.

— Kwa leo, hapo kwenye Shell> andika fs0: (sehemu ya diski yenye faili za kubuti) kisha \EFI\debian\grubx64.efi. Ukishaingia Debian: grub-install --target=x86_64-efi --removable. Hiyo inaweka EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, ambayo OVMF huitafuta hata orodha ikipotea.

— Nakala ya VARS isikae /tmp (folda ya vitu vya muda, inaweza kufutwa)!