MREJESHO: Donge la chachu ya asili lililogeuka uji

Asanteni sana mlionijibu. Swali lilikuwa: kwa nini donge la mkate wa chachu ya asili (unga na maji vilivyoachwa vichachuke vyenyewe), lililoachwa mezani kwa muda wa saa saba kwenye joto la Januari hapa Dar, lilinata mikononi na kugoma kushika umbo?

Mlikuwa sahihi, liliumuka kupita kiasi. Vipimo: unga wa ngano gramu 500, maji 350, chachu 100, chumvi 10. Muda ule unafaa jikoni penye nyuzijoto 24. Kipimajoto kilisoma 32. Kwenye joto hilo chachu hukimbia, asidi huzidi na vimeng'enya hukata glutini, yaani protini ya ngano inayoshikilia donge. Ndiyo maana kuongeza unga hakukusaidia kitu: glutini ikishakatika haiungiki.

Donge lenyewe lilimiminwa kwenye trei iliyopakwa mafuta, likabonyezwa kwa vidole na kuokwa nyuzijoto 220 kwa dakika 25. Mkate bapa, mchachu kidogo, unakwenda vizuri na maharage.

Jaribio la pili: chachu gramu 50, maji ya friji, kukunja mara nne kila baada ya nusu saa. Halafu, na hili ndilo lililookoa mkate, kuangalia donge badala ya saa. Funga mpira wa pesa kwenye chombo cha kioo, usawa wa juu ya donge. Likipanda kwa theluthi moja, lipe umbo na weka friji usiku kucha, maana huendelea kuumuka hadi lipoe. Safari hii wembe ulichana juu bila donge kutepeta, na ndani vitundu vimesambaa vizuri.