Naomba ushauri: anga la machweo kwenye fulana nyeusi

Assalam alaykum ndugu zangu. Nachapa fulana kwa skrini hapa Langoni, Lamu. Vijana wa mashindano ya majahazi wanataka fulana nyeusi, jahazi limejaza tanga na jua linazama nyuma yake.

Picha nimeitenganisha rangi nne: nyeupe ya chini (inayochapwa kwanza ili rangi nyingine zionekane juu ya kitambaa cheusi), manjano, chungwa na nyekundu. Kila rangi ina filamu yake (karatasi ang'avu ya kuhamishia picha kwenye skrini), mchoro mweusi tititi hata kama wino ni manjano, na alama za msalaba pembeni za kulinganisha rangi. Ile nyeupe nimeipunguza ukingo kidogo isichungulie.

Kinachonitatiza ni anga. Manjano inafifia taratibu kuingia nyekundu, kwa hiyo lazima niichape kwa vidoti vikubwa na vidogo, nami nina skrini zenye wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita tu. Nikiweka vidoti 25 kwa inchi vitaonekana vikubwa. Nikizidisha, vile vidogo havitashika kwenye wavu. Ninunue nyuzi 77, au niligawe anga mapande ya rangi kamili? Na nyeupe ya chini, nayo iwe ya vidoti au ijae yote?

Wenye uzoefu wa wino wa maji nisaidieni hasa, maana huku wengi tunautumia huo. Tanga lile nataka litoke safi kabisa.